Berlin imeandika historia yake barabarani, Lugalo je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo nililoliona Ujerumani, katika safari ambayo baadhi yetu tuliifanya kwa mwaliko wa usharika wa kule wenye undugu wa siku nyingi na usharika wetu hapa Iringa. Siandiki ili kusimulia ukubwa wa nchi ya watu, kwa kuwa hayo yamekwisha kusimuliwa na wengi. Naandika kwa sababu nimeifundisha historia kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu, na sasa nimeuona mji mkuu ulioamua kuwaeleza wapita njia, kwa majina na kwa tarehe, mambo mema na maovu yaliyotendeka mahali palepale wanapokanyaga. Naamini mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini inaweza kufanya hivyo, ikianzia Lugalo hapa Iringa, ambako Wahehe waliliangamiza jeshi la Wajerumani mwaka 1891, na kwamba halmashauri zetu hazina sababu ya kungoja.

Safari ilianzia Hamburg, na kutoka hapo mwenyeji wetu, naye mwalimu mstaafu, alituendesha kwa gari lake hadi Bremen, kisha Hannover, kisha Berlin. Hamburg tuliipita haraka, ila tulisimama kidogo karibu na chuo kikuu, mahali ilipokuwa sanamu ya Hermann von Wissmann, yule kamanda aliyeletwa pwani kumzima Abushiri na baadaye akawa gavana. Sanamu hiyo ilisimamishwa kwanza Dar es Salaam mwaka 1909, ikachukuliwa na Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ikaishia Hamburg, na mwaka 1968 wanafunzi wakaiangusha.

Bremen ni jina ambalo mtu wa Uhehe aliyesoma habari za nyumbani hawezi kulisikia kama jina la ugenini. Mtwa Mkwawa alipojipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asishikwe akiwa hai, kichwa chake kilikatwa na kuchukuliwa, na jambo hilo likawa zito kiasi cha kuingizwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, kilichoitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi 6. Ilipita miaka 35. Gavana Edward Twining ndiye aliyelichagua miongoni mwa mafuvu mengi yaliyokuwa yamehifadhiwa katika makumbusho ya Bremen, na tarehe 19 Juni 1954 likakabidhiwa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Makumbusho hayo yako jirani kabisa na stesheni ya treni. Nilisimama mbele ya mlango wake kwa muda, nikiwafikiria wazee waliokwisha kufa kabla ya mwaka 1954 wakiwa wanaulizia jambo hilo.

Nyuma ya stesheni hiyo, katika bustani yenye jina la Nelson Mandela, amesimama tembo mkubwa wa matofali, mwenye urefu wa takribani mita 10. Alijengwa na kuzinduliwa mwaka 1932 ili kuwakumbuka askari wa Kijerumani waliokufa katika makoloni na kuutukuza ukoloni wenyewe, wakati ambapo Wajerumani wengi walikuwa bado wanatamani kurudishiwa nchi zetu. Wananchi wa Bremen hawakumbomoa. Mwaka 1990 walimgeuza kuwa mnara wa kuupinga ukoloni, wakaweka maandishi ya kueleza alijengwa kwa nini na kwa nini maana yake imebadilishwa, na baadaye pembeni yake wakapanga mawe yaliyotoka Namibia kwa ajili ya Waherero na Wanama waliouawa. Nawaomba wasomaji walikumbuke jambo hili, kwa maana nitalirudia nikifika Lugalo.

Kuhusu barabara zenyewe nitasema kidogo tu. Katika sehemu nyingi za barabara kuu za Ujerumani hakuna kikomo cha mwendo, bali kuna ushauri wa kutozidi kilomita 130 kwa saa. Siku ya Jumapili malori makubwa hayaruhusiwi kutembea hadi saa nne usiku. Na foleni inapoanza, magari ya njia ya kushoto kabisa husogea kushoto na mengine yote husogea kulia, ili pabaki ujia katikati kwa ajili ya gari la wagonjwa, hata kama king'ora bado hakijasikika. Ni sheria, na tuliiona ikitiiwa. Kwa mtu aliyewahi kulala Kitonga kwa sababu ya semi-treila lililoziba njia, jambo hilo linastahili barua yake peke yake, nami naliacha hapo.

Kilichonishika zaidi ni mabango ya rangi ya kahawia yaliyo kando ya barabara hizo. Kila baada ya mwendo fulani dereva huonyeshwa kwamba anapita karibu na kanisa la kale, ngome, mji wa msomi fulani au uwanja wa vita, na jambo hilo huandikwa kwa maneno machache na mchoro, kiasi ambacho mtu aliye katika mwendo anaweza kukiona. Mahali pengi ambapo barabara hukatiza mpaka wa zamani uliozigawa Ujerumani mbili, bango husema kwamba hapa Ujerumani na Ulaya ziligawanyika hadi tarehe fulani ya mwaka 1989 au 1990, na hata saa ya kufunguliwa kwa njia imetajwa. Katika barabara ya kutoka Hannover kwenda Berlin tulisimama Marienborn, kilichokuwa kituo kikubwa kuliko vyote katika mpaka huo. Vibanda vya kukagulia hati, mapaa marefu ya chuma na minara ya taa vimeachwa vilevile tangu pageuzwe kuwa mahali pa kumbukumbu mwaka 1996, na mtu hulipita lango lilelile ambalo raia wa nchi moja walikaguliwa kama wageni. Mwenyeji wetu alitueleza jinsi mizigo yake ilivyopekuliwa hapo alipokuwa kijana. Alikuwa anazungumza kwa sauti ya kawaida, lakini hakutaka tukae sana.

Tuliingia Berlin kwa upande wa kusini magharibi, tukipita msituni hadi karibu na majumba, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba mji ule hauna mlima. Jicho la mtu wa Iringa hutafuta jabali pa kutulia. Kule linakutana na anga pana, miti mingi, mifereji ya maji na barabara ambazo upana wake unakufanya uone kwamba nafasi haijawahi kuwa tatizo lao. Chini ya ardhi maji yako karibu sana, na kila wanapochimba msingi huyavuta na kuyapeleka mtoni kwa mabomba makubwa ya rangi ya waridi au samawati, ambayo hupita juu ya vichwa vya watu na kupinda kwenye kona za mitaa. Wageni hudhani ni mapambo. Kwenye stesheni za treni za mjini hakuna vizuizi vya kukagua tiketi. Mtu hununua, hugonga muhuri, hupanda, na mkaguzi huweza kutokea au asitokee. Watu husubiri taa ya waenda kwa miguu hata barabara ikiwa tupu, hasa kama kuna mtoto anayewatazama, na jambo hilo nililipenda sana.

Mji huo ulirudishiwa nafasi ya kuwa makao ya Bunge kwa kura 338 dhidi ya 320 tarehe 20 Juni 1991, na Bunge lenyewe likahamia huko mwaka 1999. Sisi tulioishi na uamuzi wa Dodoma tangu mwaka 1973 tunajua jinsi uhamisho wa namna hiyo unavyogusa maisha ya watu. Juu ya ukumbi wao wa Bunge wamejenga kuba la vioo ambalo mwananchi hupanda bila malipo, akijiandikisha tu mapema, naye huweza kuwatazama wabunge wake wakiwa chini yake.

Mwendo mfupi kutoka hapo, katikati kabisa ya mji mkuu, kwenye ardhi ambayo serikali nyingine ingejenga wizara au hoteli, yamepangwa mapande ya zege 2,711 kwa ajili ya Wayahudi wa Ulaya waliouawa na utawala wa Hitler. Palifunguliwa mwaka 2005. Na ukitazama chini unapotembea, katika mitaa mingi utaona safu mbili za mawe zilizolazwa kwenye lami, zikikatiza barabara na njia za miguu: hapo ndipo Ukuta wa Berlin ulipopita kuanzia tarehe 13 Agosti 1961 hadi ulipofunguliwa tarehe 9 Novemba 1989. Ukuta wenyewe umeondolewa karibu wote, lakini alama yake haijafutwa, na mtoto anayekwenda shule huivuka kila asubuhi akijua amevuka nini.

Kuna alama nyingine ndogo zaidi, ambazo kwangu zilikuwa kubwa kuliko hizo zote. Ni mawe ya mraba yenye upana wa sentimita 10, yaliyofunikwa kwa kibao cha shaba na kuchomekwa kwenye njia ya miguu mbele ya nyumba ambamo mtu aliyeteswa na Manazi aliishi. Msanii Gunter Demnig ndiye aliyeianzisha kazi hiyo katika miaka ya 1990, na sasa mawe hayo yamezidi 100,000 katika nchi mbalimbali za Ulaya. Kila jiwe lina jina la mtu mmoja, mwaka wake wa kuzaliwa, na yaliyompata. Mbele ya nyumba namba 193 ya mtaa wa Brunnenstraße niliinama nikasoma jina la Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904. Aliingizwa katika jeshi la Wajerumani akiwa mtoto, pamoja na baba yake, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia; alipokuwa mtu mzima alikwenda Berlin, akadai malipo ambayo hawakuwahi kulipwa, akanyimwa. Alifanya kazi ya uhudumu wa mgahawa, aliigiza katika filamu, na aliwafundisha Kiswahili wanafunzi wa chuo kikuu cha mji ule. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa bila hukumu ya mahakama katika kambi ya Sachsenhausen, kaskazini mwa mji, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Jiwe lake liliwekwa mwaka 2007. Nawauliza walimu wenzangu ni wangapi kati yetu tumewahi kulitaja jina hilo darasani.

Habari za nchi yetu zimeandikwa pia katika majina ya mitaa. Huko Neukölln ulikuwapo mtaa wa Wissmann, yuleyule wa sanamu ya Hamburg. Tangu mwaka 2021 unaitwa mtaa wa Lucy Lameck, mama yetu wa Moshi aliyekuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kushika nafasi katika serikali ya nchi huru. Huko Wedding, katika kitongoji ambacho mitaa yake mingi ina majina ya Afrika, iliandikwa mwaka 1939 barabara ya heshima ya Carl Peters, mtu ambaye kwa mikataba yake ya ulaghai ndiye aliyeifungulia Ujerumani njia ya kuitwaa nchi hii. Mwaka 1986, ili kukwepa lawama, wakubwa wa pale walitangaza kwamba tangu siku hiyo jina hilo linamhusu Peters mwingine, mwanasheria aliyeupinga Unazi, na bango likabaki lilelile. Wananchi hawakuridhika. Walidai, wakabishana na majirani waliokataa, wakafika mahakamani, na Agosti 2024 barabara hiyo ikapewa majina mapya, kipande kimoja kwa jina la Anna Mungunda wa Namibia na kingine kwa jina la Maji Maji. Nilipiga picha chini ya bango hilo nikiwa pamoja na mama mmoja wa kundi letu anayetoka Njombe, ambako Wabena waliishambulia misheni ya Yakobi Septemba 1905, misheni iliyokuwa mali ya wamisionari waliotumwa kutoka Berlin hiyohiyo.

Katika mtaa wa Wilhelmstraße pana bango linalowaeleza wapita njia kwamba hapo ndipo palipokuwa jumba ulimofanyika mkutano wa kuligawa bara la Afrika, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885, bila Mwafrika hata mmoja kuitwa. Siku iliyofuata, tarehe 27 Februari 1885, Kaisari alitia saini hati ya kuilinda kampuni ya Peters katika Usagara na nchi jirani. Tarehe hiyohiyo, miaka 21 baadaye, wapiganaji wenzake Nduna Songea Mbano katika vita vya Maji Maji walinyongwa Songea. Bango la Wilhelmstraße ni dogo, na kwa maoni yangu ni dogo kupita kiasi kwa jambo lenyewe, lakini lipo.

Sisemi kwamba Berlin imemaliza wajibu wake kwetu. Katika makumbusho yao ya viumbe nilimtazama mjusi wetu wa Tendaguru, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni, mifupa iliyochimbwa Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913 na kubebwa hadi pwani vichwani mwa watu wetu, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Jina lake la kisayansi, Giraffatitan brancai, linamheshimu mkurugenzi wa makumbusho hayo, wakati Boheti bin Amrani, msimamizi hodari wa machimbo, alingoja hadi mwaka 2007 ndipo aina nyingine ya dinosaria ikapewa jina lake. Kuna jambo zito zaidi. Katika ghala za taasisi za Berlin yamehifadhiwa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni, takribani 200 kati yake yakiwa ya Tanzania, na mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba baadhi yana ndugu walio hai hapa nchini. Mwaka huohuo, tarehe 1 Novemba, Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea akaomba msamaha. Msamaha huo tuliupokea kwa heshima, na mifupa hiyo inapaswa kurudi. Serikali yetu na yao ziendelee na mazungumzo hayo bila kuchoka.

Hata hivyo, kuna kazi ambayo hakuna Mjerumani anayetuzuia kuifanya. Mtu akipanda basi la asubuhi kutoka Iringa kwenda Dar es Salaam anapita Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 mashujaa wa Kihehe waliliangamiza jeshi la Emil von Zelewski, akafa yeye mwenyewe na Wazungu wengine pamoja na mamia ya askari na wapagazi. Ni moja ya vipigo vikubwa ambavyo jeshi la wakoloni liliwahi kupata katika Afrika Mashariki, na abiria wengi hulipita eneo hilo wakitazama filamu ndani ya basi. Kuna mnara pale, lakini ulijengwa na Wajerumani kwa ajili ya wafu wao. Sipendekezi uguswe. Napendekeza tufanye kama watu wa Bremen: pembeni yake tuandike kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, habari nzima ya siku ile kwa upande wetu, na majina yote ya Wahehe waliopigana ambayo koo zao bado zinayakumbuka. Kisha Wakala wa Barabara aweke bango la kahawia pande zote mbili za barabara kuu, kilomita chache kabla ya kufika, ili dereva na abiria wajue wanaingia wapi.

Jambo hilo lisiishie Iringa. Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu-Langenburg, bado ina boma lao, na watu huingia humo kila siku kutafuta huduma. Rungwe ina misheni ya Moravian tangu mwaka 1891. Njombe ina Yakobi. Ubena, Upangwa na Ungoni zilichomewa mashamba na maghala kwa makusudi katika vita vya Maji Maji, na makadirio ya wanahistoria ya watu waliokufa nchini kote, wengi wao kwa njaa, hufika 300,000. Kalenga tunalo jumba la kumbukumbu, na boma la Iringa nalo limefanywa makumbusho, jambo linalostahili pongezi. Lakini mwenye kuingia makumbusho ni yule ambaye tayari ana hamu ya kujua. Bango la barabarani humkuta hata yule ambaye hakuwa na nia.

Najua nitaambiwa kwamba zahanati zina upungufu wa dawa na kwamba fedha haipo. Yale mawe ya shaba ya Berlin hayalipiwi na hazina ya serikali. Hulipiwa na familia, shule, makanisa na majirani, mmoja mmoja, na mara nyingi wanafunzi ndio hutafuta habari za mtu kwenye nyaraka kabla jiwe halijachongwa. Shule zetu za sekondari zinaweza kazi hiyo, tena kwa urahisi zaidi, kwa kuwa baadhi ya wenye habari bado wako vijijini. Nitaambiwa pia kwamba kuandika majina kutaamsha ugomvi, kwa sababu walikuwapo wazee waliopigana upande wa Wajerumani, na Wasangu na Wahehe walikuwa na vita vyao. Ni kweli, na ugomvi wa namna hiyo uko hata Ujerumani: jiji la München limekataa mawe hayo yasiwekwe katika njia zake za umma, baada ya baadhi ya viongozi wa Wayahudi wenyewe kusema si heshima majina ya marehemu kukanyagwa. Walibishana, wakatafuta namna nyingine ya kuandika, na hakuna aliyependekeza kunyamaza. Waliokuwa askari wa Wajerumani waandikwe walivyokuwa, na walionyongwa waandikwe walivyokufa.

Kwa hiyo nawaomba madiwani wa Iringa, Mbeya, Njombe na Ruvuma waliweke jambo hili katika vikao vyao vya mwaka huu, waanze na mahali pamoja katika kila wilaya, na wawaite wazee wa ukoo kabla ya kumwita fundi. Kwa upande wa Lugalo, mimi na walimu wastaafu wenzangu tumeanza kukusanya majina kutoka kwa familia za Kalenga, Ilula na vijiji vya jirani. Mwenye jina la babu aliyekuwapo siku ile, pamoja na jina la kijiji chake na la mtu aliyemsimulia, atuandikie kupitia gazeti hili, kama wewe, Ndugu Mhariri, utaturuhusu.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa historia,
Kihesa, Iringa